MZEE AKIACHA KAZI, ASIACHWE NA WENZAKE

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya halmashauri mbele ya wanachama wa Kitale na Bungoma. Imechapwa hapa ili wale waliokuwa zamu siku hiyo wapate kuisoma, na wawasomee wazee wasioona vizuri.)



Tumetumwa na halmashauri kusema juu ya jambo ambalo halimo katika mapatano yetu na waajiri. Mshahara tumeusema. Saa za kazi tumezisema. Nyumba, likizo na matibabu, hayo yote yamo katika vitabu vya chama. Leo twataka kusema juu ya mzee aliyekwisha acha kazi, naye ameketi peke yake. Na tukisha sema, twaomba mkutano huu ukate shauri, kwa maana shauri hili lina fedha ndani yake, na fedha ni zenu.

Kwanza tutazame mtu hupoteza nini siku anapoacha kazi. Karani humhesabia miaka yake, humpa karatasi yake, na akiwa na bahati humpa kiinua mgongo. Hiyo ni hesabu ya fedha. Iko hesabu nyingine ambayo haipigwi na karani. Kwa miaka thelathini mtu huyu aliamshwa na king'ora. Alikula chakula cha mchana na watu wale wale. Aliitwa kwa jina la utani ambalo hata mkewe halijui. Akichelewa asubuhi, watu waliulizana, "Fulani yuko wapi?" Siku ya kwanza ya kupumzika kwake, hakuna amwulizaye yuko wapi. Na siku ya mia ni vivyo hivyo.

Kina mama wametushinda katika jambo hili. Mama huwa na chama chake cha kuzungushiana fedha, ana kikundi chake cha kanisa au cha msikiti, ana jirani zake wa kisimani na sokoni. Akiacha kazi, hayo yote hubaki. Mwanamume aghalabu huweka marafiki wake wote katika mfuko mmoja, nao ni mfuko wa kazi. Mfuko ukitoboka, wote huanguka mara moja.

Tena nchi yetu hii ilivyofanyika, jambo limekuwa zito zaidi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ikitokea upande wa Eldoret, na reli kubwa ya kwenda Uganda ikapita Webuye na Bungoma. Katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia walikaa walowezi, na watu wa Bungoma na wa mbali zaidi walikuja kulima, kukamua ng'ombe na kuendesha trekta. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa hapo Kitale mwaka 1956. Bungoma nayo ikapata kiwanda cha karatasi cha Webuye kilichoanza kazi mwaka 1974, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Basi watu wakahama makwao kufuata kazi, na watu wa kazini ndio wakawa ukoo wao. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa moja likagawanyika. Mwaka 2009 mashine za karatasi za Webuye zikasimama. Kiwanda kikisimama, timu ya mpira husimama, kilabu husimama na kwaya husimama. Watu waliokuwa wakionana kila siku hutawanyika katika vijiji, na kila mmoja hubaki na habari zake moyoni.

Twawajua wazee wa namna mbili, na kila mmoja wenu aweza kuongeza majina yake.

Mzee wa kwanza ni yule aliyerudi nyumbani Bungoma. Watu husema huyu amefaulu, kwa sababu ana shamba na ana nyumba ya mabati. Lakini tazama vizuri. Alitoka kijana, akawa akirudi Krismasi na siku za matanga. Mkewe ndiye aliyelima, aliyewasomesha watoto, aliyeketi na wakwe. Mambo yote ya boma yamekwenda bila yeye kwa miaka thelathini, na yanaendelea kwenda bila yeye. Anakuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee huyu hakupewa jembe. Alipewa kiti, akaambiwa apumzike. Wale aliotahiriwa nao mwaka mmoja, ambao Wabukusu huwaita bakoki, wengi wamekufa au hawatoki nje kwa sababu ya miguu. Chungu cha busaa kilichozungukwa na mirija kumi sasa kina mirija miwili.

Mzee wa pili ni yule aliyebaki Kitale. Huyu hana shamba la kurudia. Alizaliwa katika kambi ya shamba, au wazazi wake walikuja wakakatika na kwao, au aliuza kipande chake ili kulipa hospitali. Leo amepanga chumba kimoja Matisi au Tuwani. Wengine wako Kipsongo, mahali walipokimbilia Waturkana wengi waliopoteza mifugo kwa ukame. Watoto wake wamekwenda kutafuta riziki. Yeye hutoka asubuhi kuketi mlangoni, na jioni hurudi ndani. Akifa, jirani hupitisha sahani ya mchango, na hapo ndipo chama chetu hupata habari kwamba mwanachama wetu wa zamani alikuwa akiishi hatua mia mbili kutoka ofisini.

Wako watakaosema, "Upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Uingereza iliweka waziri wa upweke mwaka 2018 kwa sababu watu wao hawasalimiani. Sisi Waafrika tuna jamaa." Ndugu zetu, maneno haya ni matamu, lakini hesabu inayakataa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa juu ya jambo hili. Lilisema mtu mmoja katika kila sita duniani huona upweke, na kwamba upweke huhusishwa na vifo karibu 871,000 kila mwaka, ndiyo kusema watu kama mia moja kila saa. Na katika nchi zenye mapato madogo, walioona upweke walikuwa kadiri ya 24 katika kila mia. Katika nchi tajiri walikuwa kadiri ya 11. Taarifa hiyo yasema pia kwamba vijana huumia kuliko wazee. Hilo halimwondolei mzee maumivu yake. Latuonyesha kwamba wazee wawili na vijana wawili waweza kukaa boma moja, kila mmoja na upweke wake.

Upweke huu hauishii moyoni. Mtu aliyetengwa hulala vibaya, hula mara moja kwa siku kwa sababu hapendi kupika chakula cha mtu mmoja, husahau dawa yake ya presha. Madaktari huhesabu kutengwa na watu kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni. Wengine hukata tamaa kabisa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria iliyomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu inapingana na Katiba. Ni vizuri watu wajue hivyo, ili mzee mwenye mawazo ya namna hiyo aseme bila kuogopa polisi, na anayemsikia ampeleke kwa daktari upesi.

Hapa twataka kusimama kidogo juu ya masikio, kwa kuwa jambo hili ni letu hasa. Aliyefanya kazi kando ya mashine ya kupukuchua mahindi, au ya kusaga miwa, au ya kupasua mbao, au katika gari la moshi, huzeeka akiwa na masikio mazito. Asiyesikia huchoka kuuliza, "Umesema nini?" Watu hucheka, naye hajui wanacheka nini, basi hudhani wanamcheka yeye. Kesho haji. Watu husema mzee fulani amekuwa mkali, kumbe mzee fulani ni kiziwi. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zakataza mfanya kazi kukaa saa 8 katika kelele inayozidi kipimo cha desibeli 90. Kijana anayetupa vifuniko vyake vya masikio leo kwa sababu vina joto, aelewe kwamba anatupa mazungumzo yake ya uzeeni.

Sasa tuje kwenye nyumba za wazee. Mara nyingi tumeulizwa kwa nini chama kisijenge nyumba moja, wazee wetu wakakaa pamoja. Tumelifikiri. Nyumba hizo ziko. Nairobi, upande wa Kasarani, iko Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839 na mama mmoja, Jeanne Jugan. Serikali ya Zanzibar hutunza wazee katika makao ya Sebleni na Welezo, na tena mwaka 2016 ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, wakati huo shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi. Huko Ganze katika Kilifi, Kaya Godoma imewapokea wazee waliokimbia makwao baada ya kusingiziwa uchawi. Hao watoto wanao. Usalama ndio waliokosa. Kwa watu wa namna hiyo nyumba ni wokovu, wala asiwepo mtu wa kuzidharau.

Lakini kitanda, uji na dawa haviondoi upweke. Mzee aweza kulala katika chumba cha watu wanane na akawa peke yake. Mambo matatu humfanya awe hivyo. La kwanza ni lugha. Mtu akizeeka na akili ikianza kuchoka, aghalabu lugha alizojifunza baadaye humtoka kwanza, na ile aliyonyonya kwa mama yake hubaki. Mzee wa Mlima Elgon akiwekwa kati ya watu wasiojua Kisabaot, Kiswahili chake kikiisha, mazungumzo yake yameisha. La pili ni kazi. Akifanyiwa kila kitu, mikono yake hulala, na mikono ikilala moyo husinzia. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walikwenda katika nyumba moja ya wazee. Kundi moja la wazee waliambiwa wajiamulie mambo yao madogo madogo, na kila mmoja akapewa mche wa kuutunza. Kundi la pili waliambiwa watatunzwa, na mche ukamwagiliwa na wauguzi. Wale waliomwagilia wenyewe walionekana wachangamfu zaidi. Hebu fikirini, ni mche mmoja tu katika kikopo.

La tatu ni siku ya kutembelewa. Mwaka ule ule mtaalamu mwingine wa Marekani, Richard Schulz, aliwapeleka wanafunzi kuwatembelea wazee. Wazee waliojua mgeni wao atakuja lini, au waliochagua wenyewe siku, waliendelea vizuri kuliko wale waliofikiwa ghafula tu. Lakini sikilizeni mwisho wake. Matembezi yalipokoma, wazee wale waliokuwa wameendelea vizuri ndio walioanguka. Basi hili ndilo jambo tunalotaka liwaingie wote kabla ya kupiga kura. Shauri hili tukilianza kwa shangwe na kuliacha baada ya miezi mitatu, tutakuwa tumewadhuru wazee tuliotaka kuwasaidia. Asiyekuwa tayari kuendelea, bora akatae leo.

Kwa hiyo halmashauri haiombi kujenga nyumba. Fedha hizo hatunazo, na wazee wetu wengi tuliowauliza wanataka kubaki penye mlango wao. Wanachotaka ni mtu wa kuugonga.

Serikali nayo ina deni lake, na hatulisamehe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika mambo ya jamii, kuendelea kujikuza, kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Angalieni kwamba kushiriki katika mambo ya jamii kumeandikwa mwanzo, kabla ya matunzo. Mpango wa Inua Jamii, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Asiyeandikwa na aje ofisini, katibu atamwonyesha njia ya kwenda kwa chifu na kwa afisa wa ustawi wa jamii. Lakini hata shilingi hizo zikija zote, haziwezi kuongea na mtu jioni.

Tumetafuta mfano wa Kiafrika, na tumeuona Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa wengi huko Mbare, mtaa wa Harare, bila madaktari wa kumsaidia. Alipata mabibi 14. Akawafundisha, akawapa benchi la mbao nje ya zahanati, nao wakaketi na watu wenye fikira nyingi, wakiwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi yakachapwa: walioketi na mabibi walikuwa na huzuni chache baada ya miezi sita kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida tu. Tazameni ni nani waliopewa kazi. Ni wazee wenyewe. Jungu kuu halikosi ukoko.

Basi halmashauri yaleta mashauri sita haya:

1. Liwekwe daftari la wastaafu, moja Kitale na moja Bungoma. Liandikwe jina la mzee, mahali akaapo, kazi aliyoifanya, wenzake aliofanya nao, lugha apendayo kusema, na kama macho na masikio yake ni mazuri.

2. Kila mzee apewe watu wawili wa kumtembelea, mmoja aliye kazini na mmoja aliyestaafu juzi juzi. Waje mara mbili kwa mwezi, siku iliyopatanwa na mzee mwenyewe. Wasiache sukari mlangoni na kukimbia. Waketi saa moja. Asiyeweza kuja apige simu kabla, na atume mwingine.

3. Jumamosi ya mwisho ya mwezi iwe siku ya wazee, mwezi huu Kitale, mwezi ujao Bungoma. Iwepo chai, drafti na karata. Wasiosikia vizuri wawekwe karibu, na anayesema aseme polepole huku akiwatazama usoni.

4. Wazee wapewe kazi ya chama. Wao ndio wajuao nani alifanya kazi wapi na mwaka gani, na ushahidi huo huwasaidia wale ambao michango yao ya NSSF haionekani. Wawafundishe pia vijana jinsi mapatano ya zamani yalivyopatikana.

5. Katika mapatano yajayo tudai kila mfanya kazi wa mashine apimwe masikio kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, tena apewe majibu mkononi.

6. Mwanachama aliyebakiza miaka miwili aitwe ofisini. Aulizwe juu ya fedha zake, na aulizwe pia, "Utaketi na nani?"

Kazi hii yahitaji nauli ya boda boda na matatu, chai, na fedha kidogo za simu. Twaomba kila mwanachama atoe shilingi 10 kwa mwezi. Mweka hazina atasoma hesabu yake kila mkutano, senti kwa senti.

Tumekwisha sikia neno lililosemwa huko nje kabla ya mkutano: "Mstaafu halipi ada, kwa nini tumlipie?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu. Mstaafu alilipa ada wakati ule ambapo wewe hukuwapo. Siku za likizo unazozipata leo, yeye alizigomea. Tena angalieni daftari letu la matanga. Mwanachama wa zamani akifa, hatuulizi kama alilipa ada. Twakodi gari, twanunua jeneza, twapika, twatoa hotuba ndefu juu ya wema wake, na watu wa Kitale husafiri usiku kucha kwenda Bungoma kumzika. Hatusemi desturi hiyo iachwe. Kuzikana ni heshima. Twauliza neno moja tu. Kama tunaweza kujaza basi zima kwenda kumwona mtu asiyeweza kutuona, twashindwaje kutuma watu wawili kwake angali akitujua kwa majina?

Na msidhani twasema juu ya watu wengine. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Wakenya karibu milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Kila mmoja wetu aliye hapa anasafiri kwenda kwenye hesabu hiyo, asipokufa njiani. Daftari tutakalolifungua leo ndilo litakaloandikwa majina yetu.

Mkono mmoja haulei mwana, wala haumtunzi mzee. Mwenyekiti atauliza kura sasa. Anayekubali na ainue mkono, na akisha uinua, apite kwa katibu aandikwe jina la mzee wake na siku yake ya kwanza ya kumtembelea.

Umoja ni nguvu.